Binti anakula maharage na mchicha kila siku, mbona damu haipandi?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nakuandikia kutoka Muheza. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu mwaka uanze amekuwa mtu wa kuchoka tu. Akitembea kwenda shule anahema, akikaa darasani anasinzia. Nilimpeleka zahanati akapimwa, damu ikawa 9.4, nikaambiwa ale mboga za majani na maharage. Mimi nashangaa, maana ndicho anachokula siku zote. Asubuhi chai ya rangi na maandazi, akirudi shule ugali wa dona, maharage na mchicha, usiku hivyo hivyo, siku nyingine dagaa, na kikombe cha chai pembeni, maana kwetu chai haikosi. Juisi ya bitiruti nimempa mwezi mzima. Je, tumbo lake halisagi chakula? Kinakwenda wapi?

Jibu: Mama, nzuri, na pole kwa wasiwasi. Kwa ulivyoeleza, tumbo la binti yako linasaga chakula vizuri. Nasema hivyo kwa sababu hukuniambia kwamba anaharisha, wala kwamba amekonda, wala kwamba choo chake kina mafuta na kinanuka kuliko kawaida. Mtu ambaye mmeng'enyo wake umeharibika mara nyingi huonekana mapema, kwenye choo na kwenye uzito. Ugali unamfikia, na sehemu kubwa ya protini ya maharage inamfikia. Kisichomfikia vya kutosha ni madini ya chuma yaliyomo ndani ya chakula hicho hicho, na cha kwanza ninachokishuku ni hicho kikombe cha chai cha pembeni.

Naomba univumilie nikueleze kwa kirefu, kwa sababu ukishaelewa chakula kinavyopita, utaweza kupanga meza yako mwenyewe bila kumsubiri daktari.

Jambo la kuanza nalo ni kwamba chakula kilichomo tumboni bado hakijaingia mwilini. Kutoka mdomoni hadi njia ya haja kubwa ni mrija mmoja ulio wazi pande zote mbili. Kitu kinaweza kuingia huku kikatokea kule bila mwili kufaidika nacho hata kidogo. Mbegu za mapera hufanya hivyo kila siku. Mwili unafaidika na kile tu kilichovuka ukuta wa utumbo kikaingia kwenye damu. Kwa hiyo sahani ya binti yako inaweza kuwa na madini ya chuma ya kutosha, na yeye akaishia kupata theluthi hivi ya anachokihitaji.

Tuifuate hiyo sahani ya saa nane mchana: ugali, maharage, mchicha, na chai.

Mdomoni kazi ni mbili, kutafuna na kulainisha. Kwa siku moja tunatoa mate kama lita 1 hadi 1.5, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachoanza kuukata wanga wa ugali uwe sukari. Mwambie binti atafune tonge la ugali taratibu bila mboga, kwa muda, atasikia utamu ukija. Madini ya chuma hapa hayaguswi.

Tumboni chakula kinakaa saa 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi kikiwa na mafuta mengi. Kinakorogwa, kinachanganywa na asidi kali na kimeng'enya cha kukata protini, mpaka kinakuwa uji. Wengi tunaijua asidi hii pale tu inapotuletea kiungulia, tukaichukia. Lakini kwa madini ya chuma asidi ndiyo mwokozi. Chuma cha maharage na mchicha kimeshikamana na vitu vingine vya mmea, na asidi ndiyo inayokitoa kwenye mshikamano huo na kukiyeyusha. Chuma kisichoyeyuka hakivuki ukuta. Ndiyo maana mtu anayemeza dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, miezi na miezi bila kusimamiwa na daktari, anaweza kujikuta damu inashuka. Vilevile bakteria aitwaye H. pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, anaweza kupunguza asidi na kuzuia chuma. Kama binti ana maumivu ya mara kwa mara juu ya kitovu, au amezoea kununua dawa za vidonda dukani, mweleze daktari.

Kutoka hapo uji huo unasukumwa kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ini linaleta nyongo, ambayo inayavunja mafuta yawe matone madogo madogo. Kongosho linaleta vimeng'enya vya kumalizia wanga, protini na mafuta, pamoja na majimaji yanayopunguza ukali wa asidi ili utumbo usiungue. Ukijumlisha maji tunayokunywa na majimaji yote ambayo mwili wenyewe unamwaga humo, ni lita 8 hadi 9 kwa siku zinazopita kwenye utumbo huo, na karibu zote zinarudishwa mwilini. Zinazotoka na choo ni kama mililita 100 hadi 200 tu.

Ukuta wa utumbo mwembamba kwa ndani umeota vijinyama vyembamba vilivyosongamana kama manyoya ya zulia, na kila seli iliyo juu ya vijinyama hivyo nayo ina nywele zake ndogo zaidi. Kwa mikunjo hiyo yote, eneo la kufyonza linafika kama mita za mraba 30, sawa na sakafu ya sebule kubwa, ndani ya tumbo la mtu mmoja. Seli hizo zinabadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, zile kuukuu zinapukutika na mpya zinapanda. Mtoto aliyeharisha kwa wiki nzima ukuta wake huwa umechunika, na ndiyo sababu tunasisitiza alishwe vizuri hata baada ya kupona.

Sasa sikiliza hapa, Mama, maana ndipo jibu la swali lako lilipo. Virutubisho vingi havivuki ukuta huo vikiwa peke yake, vinahitaji kusindikizwa. Sukari inavuka ikiwa imeshikana na chumvi. Ndiyo siri ya ORS: unampa mtoto anayeharisha maji yenye sukari na chumvi pamoja, vikivuka vinayavuta maji nyuma yao. Vitamini A ya mchicha inavuka ikiwa na mafuta, kwa hiyo mchicha uliochemshwa kwa maji matupu unampa binti sehemu ndogo tu ya vitamini hiyo. Utie nazi, karanga au mafuta kijiko kimoja, unafyonzwa vizuri zaidi. Vitamini B12 inahitaji kitu maalumu kinachotengenezwa na ukuta wa tumbo, na inafyonzwa mwisho kabisa wa utumbo mwembamba. Waliotupikia kisamvu kwa nazi na karanga hawakuwa na maabara, lakini walipatia.

Chuma nacho kina wenzake wa kukisindikiza na kina wa kukizuia, na hakuna kirutubisho ninachokijua ambacho kinategemea kiliwa na nini kama chuma.

Chuma cha chakula kiko cha aina mbili. Kile cha nyama, maini, kuku na samaki kinakuja kimefungwa ndani ya chembechembe za damu na misuli, na utumbo unakichukua kikiwa kimefungwa hivyo hivyo. Kati ya asilimia 15 na 35 inavuka. Cha mimea, yaani cha maharage, mchicha, dona, ulezi, kunde, kinavuka asilimia 2 hadi 20, na tofauti hiyo kubwa inatokana na mambo mawili: mwili una njaa ya chuma kiasi gani, na chuma hicho kiliingia pamoja na nini. Sehemu kubwa inafyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kwenye kipande kiitwacho duodeni, chenye urefu wa sentimeta 25 hivi. Chakula kikishapita hapo, nafasi imekwisha kwa sehemu kubwa. Hakuna kurudi nyuma.

Kwenye kipande hicho kifupi ndipo chai inapofanya uharibifu. Chai ina tanini, ule ukakasi unaousikia ulimini ukinywa chai iliyochemka sana. Tanini zikikutana na chuma cha mimea zinakishika, kinaganda, hakiyeyuki tena, kinateremka moja kwa moja hadi chooni. Majaribio yaliyofanywa kwa watu yameonyesha kwamba chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo inaweza kukata ufyonzwaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Kahawa inafanya hivyo hivyo, kwa kiasi pungufu kidogo. Kuongeza maziwa kwenye chai hakuondoi tatizo.

Kuna kizuizi cha pili, nacho kimo ndani ya chakula chenyewe. Maganda ya nafaka na kunde yana kitu kiitwacho faiteti, ambacho nacho kinashika chuma. Dona ina chuma kingi kuliko sembe, lakini ina faiteti nyingi pia. Sikwambii uache dona, ina faida zake nyingine nyingi. Nakwambia tu usidhani kwamba kwa kuwa kuna dona, basi suala la chuma limekwisha.

Tupige hesabu ya makadirio. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama miligramu 4 za chuma. Mchicha na dona tuseme vinaongeza 4 nyingine, jumla 8 kwenye sahani. Tuseme asilimia 10 inavuka, binti anapata miligramu 0.8. Akinywa chai pamoja na mlo huo, anabaki na 0.3 hivi. Mara mbili kwa siku ni 0.6. Msichana wa umri wake, anayerefuka na aliyeanza kwenda mwezini, anahitaji kuvusha kama miligramu 1.5 hadi 2 kila siku. Umeona pengo? Kila siku anakosa kidogo, na ule upungufu mdogo wa kila siku ukikaa mwaka mzima unakuwa 9.4. Kwa msichana wa umri wake tunategemea 12 au zaidi.

Utauliza, mwili si ungeongeza bidii? Unaongeza. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo ndiyo inayoamua chuma kiruhusiwe kutoka kwenye seli za utumbo kwenda kwenye damu au kizuiwe. Akiba ikiwa imejaa, hepsidini inapanda na njia inafungwa. Akiba ikipungua, inashuka na njia inafunguliwa wazi. Mwili una udhibiti huu mkali mlangoni kwa sababu hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi, kikishaingia kimeingia. Kwa binti yako njia hiyo bila shaka iko wazi kabisa. Lakini chuma kilichoshikwa na tanini hakifiki hata kwenye hiyo njia. Na kuna hali nyingine ya kusikitisha: mtu akiwa na malaria au ugonjwa mwingine wa muda mrefu, hepsidini inapanda hata kama akiba ni tupu, njia inafungwa, na chakula kizuri kinapita bure. Kwa hiyo mtoto anayeugua ugua hawezi kuongezeka damu kwa chakula peke yake mpaka ugonjwa utibiwe.

Kuhusu bitiruti, naomba nikuokolee hela zako. Gramu 100 za bitiruti zina chuma chini ya miligramu 1. Wekundu wake ni rangi ya mmea, haugeuki kuwa damu. Ndiyo hiyo hiyo watu wengine wanaiona kwenye mkojo wakashtuka. Nawahurumia sana akina mama wanaotumia fedha za mboga kununulia bitiruti na rozela kwa sababu tu ni nyekundu. Si sumu, mtoto akipenda anywe, lakini fedha hiyo hiyo ukinunua robo kilo ya maini ukayagawa mara mbili kwa wiki, utakuwa umemfanyia jambo kubwa zaidi.

Sehemu iliyobaki ya safari niipitie haraka. Sukari na protini zilizovuka zinaingia kwenye mshipa mkubwa unaozipeleka kwanza kwenye ini, ini linachagua kipi kiende wapi. Mafuta yanapita njia yake, kwenye mishipa ya limfu, yanazunguka hadi karibu na shingo ndipo yanaingia kwenye damu. Mabaki yanateremka kwenye utumbo mpana, ambako bakteria wanakula yale ambayo sisi tumeshindwa kuyamega, yakiwemo sukari fulani za maharage, ndiyo gesi hiyo inayotusumbua. Maji ya mwisho yanafyonzwa, choo kinaundwa.

Hadi hapa nimezungumzia kinachoingia. Lakini damu inapungua pia kwa kinachotoka, na hili lisipoangaliwa utahangaika na chakula bure. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Kwa hiyo kaa na binti, wewe mwenyewe au shangazi yake kama ndiye anayemzoea, mumwulize hedhi yake ikoje. Siku ngapi? Anabadilisha pedi mara ngapi? Kuna mabonge? Ikizidi siku 7, au ikimlazimu kubadilisha kila saa moja au mbili, hiyo ni nyingi na ina matibabu. Wasichana wengi wananyamaza kwa sababu wanadhani kila mtu yuko hivyo.

Jambo jingine ni safura. Minyoo hawa wanaingia kupitia ngozi ya miguu mtu akikanyaga pekupeku udongo uliochafuliwa na kinyesi, wanasafiri kwa damu na mapafu, wanaishia kujing'ang'aniza kwenye utumbo mwembamba na kunyonya. Mmoja anapoteza damu kidogo sana, kati ya mililita 0.03 na 0.2 kwa siku kutegemea aina yake. Wakiwa mia moja, hesabu mwenyewe: hata wale wa aina ndogo wanakwenda na mililita 3 kila siku, yaani miligramu 1.5 za chuma, ambayo ni karibu mahitaji yote ya siku ya binti yako. Tafiti zilizofanywa Pemba miaka ya 1990 kwa watoto wa shule zilionyesha safura kuwa sababu kubwa ya upungufu wa damu, na hali ya ardhi na unyevu wa pwani yetu si tofauti sana. Omba apimwe choo, au apewe dawa ya minyoo kama hajapata karibuni. Mwulize pia kama mkojo wake umewahi kuwa na damu, maana kichocho nacho kipo. Na mwulize kama anakula udongo au mchele mbichi. Hamu ya kula udongo ni dalili ya kukosa chuma, na udongo wenyewe ukifika utumboni unaweza kukishika chuma kama chai inavyofanya, kwa hiyo tatizo linazaa tatizo. Usimgombeze. Hamu hiyo mara nyingi inaondoka yenyewe chuma kikirudi.

Tuje kwenye meza yako. La kwanza kabisa, ondoa chai kwenye mlo wa mchana na wa usiku. Sijasema aache chai. Unaishi wilaya yenye mashamba ya chai kule Amani, najua ninamwomba nani nini. Ainywe saa moja au mbili baada ya kula, saa kumi jioni kwa mfano, chakula kikiwa kimeshatangulia. Ile ya asubuhi na maandazi unaweza kuiacha ilivyo kwa sasa, hasara yake ni ndogo ukilinganisha na ya maharage. Ukibadilisha jambo moja tu katika yote niliyoandika, libadilishe hili. Haligharimu hata shilingi.

La pili, Muheza ndiko kwenye machungwa. Vitamini C inakigeuza chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo unaipenda, na inakishika kabla tanini na faiteti hazijakishika. Chungwa moja likiliwa pamoja na ugali na maharage, siyo saa tatu baadaye, linaweza kuongeza chuma kinachovuka mara mbili au zaidi. Pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa kwa uzito ule ule. Embe, nanasi, papai, vyote vinafaa. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho iliyokamuliwa ndimu ni nzuri zaidi kwa sababu inakwenda tumboni na maharage kwa tonge moja. Lakini iwe mbichi, moto unaharibu vitamini C. Ndimu ya kwenye mchicha ikamue baada ya kuipua.

La tatu, dagaa. Nimeona unawapika siku nyingine na maharage siku nyingine. Wachanganye. Nyama na samaki, hata kidogo, vina tabia ya kusaidia chuma cha mimea kilicho kwenye sahani ile ile kifyonzwe. Ngumi moja ya dagaa kwenye maharage kila siku inamfaa kuliko bakuli zima la dagaa mara moja kwa wiki. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage, upike kwa maji mengine. Faiteti inapungua na gesi pia. Magadi usitie, yanaharibu vitamini B1. Unga wa uji ukiuchachusha, au ukitumia kimea kama cha togwa, faiteti inapungua sana.

Ila nisikudanganye, Mama: kwa 9.4 chakula peke yake hakitoshi. Kurudisha damu yake kwenye 12 na kumjazia akiba kunataka kama miligramu 700 hivi za chuma. Hata ukiipanga meza vizuri kabisa, ziada atakayoipata baada ya mahitaji ya kila siku ni ndogo, pengine nusu miligramu. Itachukua zaidi ya miaka mitatu, na ana mitihani mbele yake. Anahitaji vidonge vya kuongeza damu. Kidonge kimoja cha kawaida kina kama miligramu 60 za chuma, na hata akivusha sehemu ya kumi tu, ni 6 kwa siku, mara kumi ya anachopata sasa kwenye chakula.

Ameze kwa maji au juisi ya machungwa, asimeze kwa chai wala maziwa. Tumbo likiwa tupu kinafyonzwa vizuri zaidi, lakini akipata kichefuchefu ameze na chakula; kidonge kilichomezwa na chakula ni bora kuliko kilichofichwa chini ya godoro. Choo kitakuwa cheusi, msiogope. Asimeze viwili akidhani atapona haraka: baada ya kidonge kimoja hepsidini inapanda na kukaa juu kwa karibu siku nzima, kwa hiyo cha pili kinapita bure na kuumiza tumbo. Kuna madaktari wanaowapa wagonjwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa sababu hiyo hiyo, na wanaoumwa tumbo huvumilia vizuri zaidi. Muulize daktari wako anapendelea vipi.

Kabla ya kuanza, omba kipimo cha picha nzima ya damu, na feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, kama hospitali yenu inapima, kuhakikisha kwamba ni chuma kweli kinachokosekana. Selimundu na magonjwa mengine ya kurithi ya damu yapo kwetu, na baadhi yake yanaweza kufanana na hili kwa mbali, wakati matibabu yake ni tofauti.

Na kama ana wadogo zake, vidonge hivyo usiwagawie. Viweke juu, mbali na mikono yao, maana vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Kuna sababu nyingine pia. Utafiti mkubwa uliofanywa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba katika eneo lenye malaria nyingi, watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi kila siku bila kupimwa kwanza walikuwa katika hatari zaidi ya kulazwa au kufariki kuliko ambao hawakupewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Mtoto mdogo apimwe kwanza, malaria itibiwe, alale ndani ya chandarua, ndipo daktari aamue.

Binti apimwe tena baada ya wiki 4. Tunategemea damu iwe imepanda kwa 1 au zaidi, na kabla ya hapo utamwona mwenyewe anavyotembea. Ikifika 12 asiache vidonge siku hiyo. Aendelee kama miezi mitatu ili akiba ijae, vinginevyo hedhi mbili tatu zitamrudisha alikotoka. Kama baada ya wiki hizo 4 anameza kweli na haijapanda, usiongeze dozi nyumbani. Mrudishe, waangalie choo, vidonda vya tumbo na hedhi upya. Na akianza kuhema hata akiwa amekaa, moyo kumwenda mbio bila kufanya kazi, au kuanguka, usisubiri hizo wiki 4, mpeleke hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.